Namba Tasa na Amana ya Elimu: Habari ya Ibn al-Haytham

Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyekijaalia kila kitu kipimo chake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Mwislamu, yako maneno mawili yanayosemwa sana katika mabaraza yetu juu ya elimu ya hisabu, na yote mawili yana madhara. La kwanza husemwa na baadhi ya wazee, kwamba hisabu ni elimu ya Wazungu, mtoto huisoma kwa ajili ya kazi ya ofisi tu, wala haina nasaba na dini yake. La pili husemwa na baadhi ya vijana wenye hamasa, kwamba kila walichonacho Wazungu wamekiiba kwetu. Huyu wa kwanza anaikana mali yake mwenyewe, na yule wa pili anadai hata mali isiyokuwa yake. Leo nataka nikueleze habari ya jambo moja dogo katika elimu ya namba, utakalolifahamu hata kama uliacha skuli mapema, ili uone haki iko wapi baina ya maneno hayo mawili.

NAMBA TASA NI NINI?

Watoto wetu hufundishwa skuli kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa nafsi yake, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Sita si tasa, kwani ni mbili mara tatu. Saba ni tasa. Ukiigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano au kwa sita, siku zote hubaki kitu. Waarabu huiita adadi awwal, yaani namba ya kwanza, kwa kuwa hizo ndizo asili, na namba nyingine hupatikana kwa kuzidishana kwake.

Mwenye kusoma faraidh anaijua tabia ya namba hizi hata kama hakupata kulisikia jina lao. Mtu akifa akaacha mke mmoja na watoto watano wanaume, mafungu ya mirathi ni manane. Mke hupata fungu moja, ndiyo thumni yake, na saba yaliyobaki ni ya watoto. Lakini saba hayagawanyiki kwa watu watano, na saba na tano hazina kigawanyo cha pamoja, hali ambayo wanavyuoni wa mirathi huiita tabayun. Basi huzidishwa nane kwa tano, yakapatikana mafungu arubaini. Mke akapata matano, na kila mtoto akapata saba, wala hapana aliyepunjwa hata chembe. Kwa hivyo, ndugu yangu, usiseme kuwa kuzitazama namba na migawanyo yake ni jambo lisilohusu dini. Haki ya mjane na ya yatima imesimama juu yake.

KUZIDISHA KWA MFULULIZO

Jambo la pili tulifahamu kabla hatujaingia katika habari yenyewe. Chukua namba moja, izidishe kwa mbili, kisha kwa tatu, kisha kwa nne, uendelee hivyo bila kuruka. Utapata 1, kisha 2, kisha 6, kisha 24, kisha 120, kisha 720. Zao hilo hukua upesi mno.

Mmoja katika Waislamu wa mwanzo walioitumia hesabu hiyo hakuwa mtu wa hisabu, bali alikuwa mtu wa lugha. Naye ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye asili yake ni kabila la Azd la Omani, akaishi Basra na kufariki huko baina ya mwaka 786 na 791. Ndiye aliyeiweka elimu ya arudhi, mizani ya mashairi ya Kiarabu, na ndiye mwalimu wa Sibawayh, imamu wa nahau. Alipotaka kuyakusanya maneno ya Kiarabu katika kamusi yake iitwayo Kitab al-Ayn, hakutaka kuyaokota ovyo ovyo kama mtu aokotaye kome pwani. Alitaka apate njia ya kuhakikisha kuwa hakuna neno lililomponyoka. Akaona kuwa herufi mbili hupangika kwa namna 2, herufi tatu kwa namna 6, herufi nne kwa namna 24, na herufi tano kwa namna 120. Jaribu mwenyewe kwa kaf, ta na ba, uzibadilishe nafasi zake. Utapata namna sita, hazizidi wala hazipungui.

Imesimuliwa katika habari za maisha ya al-Khalil kwamba mwishoni mwa umri wake alikuwa akitafuta njia nyepesi ya hesabu, ambayo kijakazi akiijua ataweza kwenda dukani na muuzaji asiweze kumdhulumu. Akaingia msikitini naye amezama katika fikira hiyo, akajigonga kwenye nguzo, na hiyo ikawa sababu ya kufa kwake. Tazama, ndugu yangu, jinsi bwana huyu alivyoiona hisabu. Kwake yeye ilikuwa ni ngao ya mnyonge.

IBN AL-HAYTHAM

Karibu ya miaka mia mbili baada ya al-Khalil, katika mji huo huo wa Basra, alizaliwa Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, kadiri ya mwaka 354 wa Hijra, sawa na mwaka 965. Wengi wanamjua kwa Kitab al-Manazir, kitabu chake kikubwa juu ya nuru na kuona kwa macho, ambacho kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 2015 ulipofanywa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nuru, jina lake lilitajwa duniani kote.

Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, amesimulia kwamba Ibn al-Haytham alipata kusema kuwa angekuwa Misri angeyafanyia maji ya mto Nile jambo la kuwafaa watu wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Maneno yakamfikia al-Hakim, mtawala wa Kifatimi, naye akamwita. Akapelekwa kusini, mpaka mahali paitwapo al-Janadil, karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri, jinsi yalivyojengwa kwa ustadi, akajisemea moyoni kuwa lau jambo hili lingewezekana watu hawa wangekwisha kulifanya. Akarudi akakiri kuwa hawezi. (Bwawa Kuu la Aswan lilikuja kukamilika mwaka 1970, kwa vyombo ambavyo yeye hakuwa navyo.) Kisha, kwa kuiogopa ghadhabu ya al-Hakim, alijifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani kwake mpaka mtawala huyo alipotoweka mwaka 1021.

Alipopata uhuru wake alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar, akisomesha na kuandika, na riziki yake aliipata kwa kunakili vitabu kwa mkono wake. Imesimuliwa kuwa kila mwaka alikuwa akikinakili kitabu cha Euclid, na vingine pamoja nacho, akaviuza kwa dinari 150, na hizo zikamtosha mwaka mzima. Akafariki kadiri ya mwaka 430 wa Hijra, sawa na mwaka 1040.

MASALA YA BAKI MOJA

Katika risala zake fupi iko moja inayojibu masala ya namba. Mimi nitakupigia mfano kwa nazi. Mtu ana fungu la nazi. Akizipanga mbili mbili, hubaki moja. Akizipanga tatu tatu, hubaki moja. Nne nne, hubaki moja. Tano tano, hubaki moja. Sita sita, hubaki moja. Akizipanga saba saba, hakibaki kitu. Je, nazi hizo ni ngapi?

Ibn al-Haytham alisema kuwa masala haya yana majibu mengi, na akaonyesha njia mbili. Njia ya kwanza ndiyo iliyo ya ajabu. Zidisha namba zote zilizo kabla ya saba, yaani 1 kwa 2 kwa 3 kwa 4 kwa 5 kwa 6, upate 720. Ongeza moja, iwe 721. Ni wazi kuwa 721 ukiigawa kwa mbili, tatu, nne, tano au sita itabaki moja, kwa kuwa 720 imejengwa kwa namba hizo hizo. Lakini 721 ukiigawa kwa saba, inaingia mara 103 kamili, wala hapana baki. Kisha akasema kwamba jambo hili halikutokea kwa bahati ya saba peke yake, bali ni sifa iliyo lazima kwa kila namba tasa. Ukizidisha namba zote zilizo kabla yake, ukaongeza moja, namba hiyo tasa itaigawa jumla hiyo bila ya baki.

Tujaribu pamoja, kwani mwenye kuhakiki si kama mwenye kufuata tu. Kwa tatu: 1 kwa 2 ni 2, na moja ni 3, inagawanyika kwa tatu. Kwa tano: zao ni 24, na moja ni 25, inagawanyika kwa tano. Kwa kumi na tatu: zao la moja mpaka kumi na mbili ni 479,001,600, na moja ni 479,001,601; nayo ni 13 mara 36,846,277 kamili.

Sasa jaribu kwa namba zisizo tasa. Kwa nne: zao ni 6, na moja ni 7, ukigawa kwa nne hubaki 3. Kwa sita: zao ni 120, na moja ni 121, ukigawa kwa sita hubaki 1. Kwa tisa: zao ni 40,320, na moja ni 40,321, hubaki 1. Hakuna hata moja isiyo tasa itakayopita mlango huu.

KWA NINI IKAWA HIVYO?

Huenda ukauliza sababu, na kuuliza sababu ni haki ya mwanafunzi. Itazame saba. Kabla yake ziko 1, 2, 3, 4, 5 na 6. Mbili na nne ni jozi, kwa kuwa 2 mara 4 ni 8, na nane ukiitoa saba hubaki moja. Tatu na tano nazo ni jozi, kwani 3 mara 5 ni 15, na ukiondoa 14 hubaki moja. Kila jozi basi imerudi kuwa moja, na moja katika kuzidisha haiongezi wala haipunguzi. Zimebaki 1 na 6 zisizo na mwenza. Kwa hivyo zao lote, ukiligawa kwa saba, hubaki sita. Ongeza moja, sita ikawa saba, na baki ikaondoka. Hali ni hiyo hiyo kwa kila namba tasa: zilizo katikati hupata wenza wake, hubaki ya kwanza na ya mwisho.

Namba isiyo tasa haipati mpango huo. Sita, kwa mfano, ina mbili na tatu ndani ya zilizoitangulia, na hizo zikizidishana ni sita yenyewe. Kwa hivyo zao lote linagawanyika kwa sita, na ukiongeza moja hubaki moja hiyo.

JINA LILIVYOKWENDA KWINGINE

Mtoto wako akienda chuo kikuu akasoma habari hii, hataikuta kwa jina la Ibn al-Haytham. Ataikuta kwa jina la Wilson. Nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Mwaka 1770 Edward Waring, profesa wa Cambridge, Uingereza, alichapisha kitabu, na ndani yake akaitaja kanuni hii akisema kuwa ameipata kwa mwanafunzi wake John Wilson. Wala Waring wala Wilson hakuweza wakati huo kutoa uthibitisho wake. Wilson aliiacha hisabu akaingia katika sheria, akawa hakimu, na akafariki mwaka 1793. Uthibitisho aliutoa Lagrange, mzaliwa wa Turin, alipokuwa Berlin mwaka 1771, naye akaonyesha pia kuwa namba isiyo tasa haitimizi kanuni hii. Ile njia ya jozi niliyokueleza hapo juu imo katika kitabu cha Gauss, Mjerumani, cha mwaka 1801. Tena karatasi za Leibniz, aliyefariki mwaka 1716, zilipokuja kutazamwa, zilionyesha kuwa naye alikuwa ameshaifikia kanuni hiyo kabla ya Wilson.

Na Ibn al-Haytham alikuwa ameiandika zaidi ya miaka mia saba kabla ya kitabu cha Waring. Mwaka 1980 Roshdi Rashed, mtaalamu mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi yake Ufaransa, alichapisha uchambuzi wa risala ile, na tangu hapo wenye insafu katika elimu hiyo humtaja mtu wa Basra wanapoitaja kanuni ya Wilson.

MAFUNZO YALIYOMO

Funzo la kwanza ni insafu. Qur'ani imetupa habari ya Nabii Shuaib (A.S.) alivyowakataza watu wa Madyan wasiwapunje watu vitu vyao. Kupunja hakumo katika mizani ya duka tu. Mtu aliyefikiri jambo, ukalichukua ukalipa jina la mwingine, umempunja. Kwa hivyo ni haki yetu kusema kuwa kanuni hii iliandikwa na Ibn al-Haytham. Lakini mizani ni ile ile tunapopima cha wenzetu. Uthibitisho tulionao mkononi ni wa Lagrange, basi tuseme ni wa Lagrange. Masala ya baki moja hayakuanza kwetu. Yalikuwa yakijulikana Bara Hindi katika karne ya 7, zama za Bhaskara aliyeandika sharhe yake mwaka 629. Baada ya Ibn al-Haytham, mwaka 1202, yaliandikwa na Leonardo wa Pisa, Mtaliana aliyejifunza hisabu ujanani huko Bijaya, Algeria. Hata riziki ya Ibn al-Haytham ilitokana na kukinakili kitabu cha Euclid, naye ni Myunani aliyekufa karne nyingi kabla ya Uislamu. Hakuona haya kumtaja, wala dini yake haikupungua. Sisi tuna nini hata tuone haya?

Funzo la pili ni zito zaidi. Wilson hakuiba. Waring hakuiba. Hawakuijua risala ile. Wahenga wetu wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila wenyewe waliacha kulifungua. Risala iliandikwa, ikawekwa, na haikupata wanafunzi wa kuiendeleza, mpaka wengine wakaja kuigundua upya kwa jasho lao wenyewe, na jina likawa lao. Basi kabla hujasema tumeibiwa, jiulize kwanza, je, sisi tulisoma? Katika majumba yetu ya pwani vimo visanduku vyenye vitabu vya mababu, vingine vimeliwa na mchwa, na wajukuu hawajui hata vimeandikwa nini.

Funzo la tatu ni la wazazi. Baadhi yetu humtoa mtoto katika hisabu kwa kusema kuwa haitamfaa akhera. Ni kweli kwamba kanuni hii peke yake haikupi mkate. Hata kuitambua namba tasa kwa njia hii ni kazi nzito, kwani ukitaka kuihakiki 101 itakubidi uzidishe mpaka mia moja, upate namba yenye tarakimu 158. Lakini mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walitoa njia ya kuficha ujumbe iliyojengwa juu ya namba tasa mbili kubwa zilizozidishwa, na leo siri za benki na za barua nyingi zinalindwa kwa elimu ya namba kama hizi. Waliozitafakari zamani hawakujua kuwa zitafikia huko. Waliisoma elimu kwa kuwa ni kweli, na manufaa yakaja baadaye.

Na hapa kwetu, mara ngapi mirathi imegawanywa kwa kukisia, mjane akaambiwa hiki ndicho chako naye hana wa kumhesabia? Mara ngapi binti wa marehemu ametia alama ya kidole chini ya hesabu asiyoifahamu? Al-Khalil alikufa akifikiria kijakazi asipunjwe dukani. Sisi tunao mabinti zetu wenyewe, na tunawaacha wapunjwe majumbani. Mfundishe mtoto wako, wa kiume na wa kike, Qur'ani yake na hisabu yake pamoja, wala usimwambie kuwa moja ni yake na nyingine ni ya watu.

Leo usiku, baada ya sala ya Isha, wape watoto masala haya. Nazi zikipangwa kwa mbili mbili mpaka kumi kumi, kila mara hubaki moja, na zikipangwa kumi na moja kumi na moja hakibaki kitu. Kwa kanuni ya Ibn al-Haytham watapata 3,628,801. Kisha waambie kuwa iko jawabu ndogo zaidi, nayo ni 25,201, na uwaulize imekuwaje zote mbili zikawa sahihi. Atakayekupa sababu, mpe zawadi, na umwambie jina la aliyetangulia kuifikiri.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atujaalie kuwapa watu haki zao, na awarehemu waliotutangulia katika kheri. Amin.